Kikoba chetu kinataka kuacha daftari kihamie kwenye simu, mweka hazina kagoma. Nani yuko sahihi?

KatibuUyole aliandika:

Wakuu, heshima kwenu. Mimi ni katibu wa kikoba cha akina mama hapa Uyole, Mbeya (wababa wapo wachache, wamejibanza nyuma). Tunakutana Jumamosi mchana, tunanunua hisa, tunakopeshana, Desemba tunagawana. Mali ya kikundi ni sanduku la bati lenye kufuli tatu, funguo wanashika watu watatu tofauti, na daftari kubwa nililolivalisha gazeti na nailoni.

Sasa kijana wa mwenzetu mmoja, kamaliza chuo juzi, katuletea programu ya simu ya kuandikia hisa na marejesho. Kwa kuitazama ni nzuri. Hesabu inajijumlisha yenyewe, na mtu akichelewesha rejesho inamkumbusha. Mimi ndiye ninayekesha na kalkuleta siku ya mgao, kwa hiyo msidhani naiogopa kwa ushamba.

Tukaiweka kwenye simu yangu tuijaribu. Kabla haijafunguka ikataka niingie kwa akaunti ya Facebook. Nikaingia. Ikaomba namba zote nilizohifadhi. Ikaomba mahali nilipo. Ikaomba picha. Mwisho ikaomba kusoma meseji, eti ione miamala. Kijana ananiambia, "Bonyeza Ruhusu, mama, zote ndivyo zilivyo." Mweka hazina wetu, bibi wa miaka sabini na ushee, alikuwa pembeni anachambua maharage. Akaweka ungo chini, akanishika mkono. "Namba yangu imo humo. Mimi sijaruhusu."

Na bibi mwenyewe anatumia kitochi, intaneti hajawahi kuigusa.

Kwa nini alisema vile, mtaa mzima unajua. Mwaka jana binti mmoja wa kikundi alikopa kwenye hizi programu za kausha damu, akachelewa kulipa. Asubuhi simu za watu zikaanza kulia: mchungaji, mwalimu wa mwanaye, fundi wake wa cherehani, mimi, na bibi. Ujumbe unasema fulani ni tapeli, mwambieni alipe. Wenye simu janja wakatumiwa na picha yake. Mchungaji wa watu hajakopa hata shilingi! Binti akashindwa kukaa, akahamia Chunya kwa dada yake, na hisa zake tukamtumia huko.

Kijana anasema bibi anachanganya mambo. Ile ilikuwa kampuni ya kihuni, hii unaingilia Facebook, kampuni kubwa ya dunia, haiwezi kufanya vitu vya ajabu. Bibi anajibu kwamba huo ukubwa ndio unaomtia shaka. Jumamosi tunapiga kura. Nisaidieni hoja, matusi tuachieni wanasiasa. Nawasilisha.


Mnyalukolo_Original alijibu:

Kamwene dada. Bila kuwakosea heshima, mnajipa umuhimu msio nao. Zuckerberg, mwenye Facebook na Instagram, ana mabilioni ya dola, daftari la kikoba cha Uyole la kazi gani kwake? Hajui hata Mbeya iko upande gani wa ramani. Adui yenu ni mwizi atakayebeba hilo sanduku na kufuli zake zote tatu. Bonyezeni Ruhusu msonge mbele.


FundiMwanjelwa alijibu:

Mnyalukolo, hao matajiri wa mitandao unaosema hawana haja na sisi, mwaka 2023 walikuwa Nairobi. Worldcoin, mradi ambao Sam Altman ni mmoja wa waanzilishi wake (ndiye huyo bosi wa OpenAI wenye ChatGPT), uliwapanga watu foleni wakachukuliwa picha ya mboni za macho, wakalipwa sarafu za kidijitali zenye thamani ya kama shilingi 7,000 za Kenya. Serikali ikausimamisha Agosti mwaka huo huo, na Mei 2025 Mahakama Kuu ya Kenya ikaamuru taarifa zile zifutwe. Mtu asiye na haja na wewe hakulipi akuangalie jicho.

Sasa katibu, tuje kwenye simu yako. Ingia Mipangilio, kisha Programu, ichague hiyo ya kikoba, ingia Ruhusa. Zima namba za watu, zima mahali, zima picha, zima meseji. Kisha ifungue tena. Ikifanya kazi kama kawaida, ujue vyote vile ilikuwa haivihitaji, ilikuwa inajichotea tu. Ikigoma, muulize kijana: kujumlisha hisa na kujua kwamba mimi nipo Uyole vinahusiana wapi?

Kuhusu meseji wala usijadiliane na mtu. Anayesoma meseji zako anaona salio lako, anaona nani kakutumia hela, na zile namba za siri za mara moja ambazo benki hukutumia pia anaziona. Hiyo ni Kataa moja kwa moja.

Google wenyewe tangu Mei 2023 wamezizuia programu za mikopo zilizopo Play Store kuchukua namba za watu na picha. Ndiyo maana wahuni siku hizi wanakutumia linki uingize kwa mkono faili la APK, yaani programu isiyopitia Play Store. Hapa dukani naletewa simu kila wiki, mtu analia simu nzito, ukifungua unakuta mafaili hayo yamejipanga, na mwenyewe hakumbuki aliyaweka lini.

Halafu kama mnaona bibi ana wasiwasi uliozidi: Juni 2016 Zuckerberg aliweka picha yake mtandaoni akisherehekea Instagram kufikisha watu milioni 500. Wenye macho wakaangalia kompyuta iliyokuwa mezani nyuma yake. Kamera imebandikwa utepe. Tundu la maikrofoni nalo limebandikwa.


Gangilonga alijibu:

Nipo Iringa, nilisomea sheria, nitajitahidi nisiwachoshe.

Hoja ya bibi ndiyo hoja yenyewe, mengine yote ni mapambo. Kijana anadhani anayebonyeza Ruhusu anatoa vya kwake. Sivyo. Simu ya katibu ni ya katibu, ila zile namba zilizomo ni za watu, na hakuna hata mmoja aliyeulizwa.

Facebook hiyo hiyo ambayo kijana anaiona ngao ndiyo iliyotufundisha jambo hili. Palikuwa na programu ya maswali ya tabia iliyotengenezwa na mtafiti wa Chuo Kikuu cha Cambridge, Aleksandr Kogan. Watu waliingia kwa akaunti zao za Facebook, wakajibu maswali, wakaendelea na maisha yao. Waliojibu walikuwa kama laki tatu. Kanuni za Facebook za wakati ule zilikuwa zinaruhusu programu ichukue na taarifa za marafiki wa aliyekubali. Taarifa zikafika kwa Cambridge Analytica, kampuni iliyokuwa ikifanya kazi za kampeni za kisiasa. Mwaka 2018 Facebook wenyewe wakasema walioguswa huenda wakafika milioni 87. Katibu, chukua kalkuleta yako ugawanye: kila aliyebonyeza alibeba wenzake karibu 290. Wengi wao hawakuwahi hata kuiona hiyo programu.

Aprili 2018 Zuckerberg akaitwa kwenye Bunge la Marekani, akahojiwa siku mbili, akaomba radhi. Julai 2019 mamlaka ya biashara ya huko ikaipiga kampuni faini ya dola bilioni 5. Siku habari ya faini ilipovuja, hisa za Facebook zilipanda bei. Ninyi watu wa vikoba mnaelewa mwanachama anayepigwa faini halafu anatoka kikaoni anacheka ni mwanachama wa namna gani.

WhatsApp nayo ina mkasa wake. Facebook waliinunua 2014 kwa kiasi cha dola bilioni 19. Tume ya Ulaya ilipowauliza kama wataunganisha akaunti za WhatsApp na za Facebook, wakajibu hawana njia ya uhakika ya kufanya hivyo. Agosti 2016 wakatangaza kanuni mpya zinazowezesha kuunganisha. Mwaka 2017 Tume ikawatoza yuro milioni 110 kwa majibu yale ya kupotosha. Brian Acton, mmoja wa walioianzisha WhatsApp, aliondoka, na Machi 2018 aliwaambia watu hadharani waifute Facebook. Huyo ndiye aliyeuza, na utajiri wake umetoka pale pale.

Lakini tusiwasingizie. Mnachoandikiana WhatsApp kimefungwa tangu 2016, kampuni haikisomi. Inachokiona ni nani anaongea na nani, saa ngapi, mara ngapi, na orodha ya namba ulizoiruhusu kuchukua. Septemba 2021 Ireland iliitoza WhatsApp yuro milioni 225 kwa kutowaeleza watu wazi taarifa zao zinavyotumika, na kesi ile iligusa mpaka namba za watu ambao WhatsApp hawana, ila zimo kwenye simu za wenzao. Bibi na kitochi chake ndimo alimo. Nakala ya akiba ya meseji inayokwenda Google nayo haifungwi mpaka uwashe mwenyewe kwenye mipangilio, na nani anayewasha?

Hapa kwetu ipo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, ilianza kutumika Mei 2023, na Tume yake ilizinduliwa rasmi Aprili 2024. Anayekusanya taarifa za watu anatakiwa awe amesajiliwa na Tume. Basi mwambieni kijana alete majibu kikaoni: programu ni ya nani, wamesajiliwa, taarifa zinakaa nchi gani, na tukijitoa zinafutwaje. Akijibu "ni kampuni kubwa", hajajibu.

Na yule binti wa Chunya mwambieni njia ya kulalamika ipo. Novemba 2024 Benki Kuu ilitoa orodha ya programu na majukwaa 69 yanayokopesha mtandaoni bila leseni. Aitafute aone kama na hiyo yake imo.


Mnyalukolo_Original alijibu:

Sawa wakili, nimekusikia, na hiyo ya hisa kupanda imenichoma. Ila hakuna aliyenijibu. Daftari likiloa? Likiungua? Katibu akifariki (Mungu amwepushe) na mwandiko wake hausomeki? Au katibu mwenyewe akiamua kuchezea tarakimu? Kijana alikuja kutibu ugonjwa ambao upo.


KatibuUyole alijibu:

Mwandiko wangu unasomeka, kaka, uniombe radhi.


ViaziMakambako alijibu:

Poleni na majukumu. Sisi tunakusanya viazi Makambako tunapeleka Dar, na tuna mfuko wetu. Tulipita hapo hapo mlipo. Tulichofanya, kijana wa stesheneri alitutengenezea jedwali la kawaida kwenye kompyuta yake ya zamani, ile meza nzima, intaneti hamna. Baada ya kikao katibu anaenda na daftari, wanaingiza tarakimu, jedwali linajumlisha, anahifadhi kwenye flashi na anachapa karatasi moja. Karatasi inabandikwa ukutani kikao kijacho, majina hatuweki, tunaweka namba za uanachama. Flashi inarudi ndani ya sanduku. Kila mtu ana kijitabu chake kinachogongwa muhuri, kwa hiyo katibu akichezea upande mmoja, vijitabu thelathini vinamuumbua.

Gharama yetu ni karatasi na soda ya kijana. Mnyalukolo, daftari likiungua flashi ipo, flashi ikifa karatasi ipo. Vikiungua vyote siku moja, hapo tutamtafuta aliyewasha moto.

Kwenye WhatsApp tunatangaziana saa ya kikao na misiba. Hela haitajwi.


KatibuUyole alijibu:

Ndaga fijo wote, Mungu awabariki. Mrejesho wa Jumamosi.

Nilizima ruhusa kama Fundi alivyoelekeza, mbele ya kikao, simu ikipitishwa mkono kwa mkono. Programu ikafunguka, ikajumlisha vizuri bila kupungukiwa kitu. Pakapita ukimya, kisha akina mama wakamgeukia kijana wote kwa pamoja. Nilimwonea huruma. Maskini hakuwa na nia mbaya, kwake yeye "Ruhusu" ni kama hodi tu, unapiga unapita.

Nikamuuliza maswali ya Gangilonga. Mwenye programu hamjui, alikuta imesifiwa mtandaoni. Usajili hajui. Kujitoa akasema unaifuta kwenye simu. Bibi akauliza, "Na zile namba zilizokwisha ondoka, nazo zinarudi?" Kijana akasema ukweli: "Hazirudi, bibi." Hapo nilimheshimu.

Kura ikaenda kwa jedwali la Makambako. Kijana ndiye tutakayemlipa alitengeneze, kwa hiyo hajaondoka mikono mitupu, na mama yake amerudi kutusalimia. Kuingia kwa Facebook tumekataa. Binti wa Chunya nimempigia, anasema ile programu yake imo kwenye orodha ya Benki Kuu, anaandika barua.

Bibi ametoa sharti lake moja la ziada: nifute namba yake kwenye simu yangu. Nimeifuta. Nikimhitaji nampigia mjukuu wake, na mjukuu ana simu janja yenye kila programu chini ya jua. Hilo sijamwambia bibi, na ninyi msilifikishe Uyole.

Fundi, flashi nzuri ya GB 8 hapo Mwanjelwa shilingi ngapi?


FundiMwanjelwa alijibu:

Pita dukani Jumatatu, za kupangwa chini barabarani usiguse, zinaandikwa GB 64 ndani hakuna kitu. Chukua mbili, moja akae nayo bibi.