Jiko la kuhudumia vikosi vya uokoaji: nipikie Arusha au nihamie eneo la tukio?

Mpishi wa Njiro
Ndugu zangu, habari za jioni. Nina jiko la biashara hapa Njiro, Arusha, ambalo kwa miaka sita limepikia harusi, vipaimara na semina. Tangu maporomoko ya tope yaliyotokea Katesh, wilayani Hanang, tarehe 3 Desemba 2023, nimekuwa nikijiuliza ni nani hupikia askari, madereva wa makatapila, mafundi umeme na wauguzi wanaobaki wakifukua na kukarabati baada ya waandishi wa habari kuondoka. Ningependa kuwa tayari kuhudumia watu 100 hadi 150 kwa majuma mawili au zaidi. Masufuria ninayo na gari ninalo. Je, nipikie huku na kusafirisha, au nihamishe jiko? Na bei niipange kwa sahani kama tulivyozoea?

Bibi Afya, Moshi
Mwanangu, hilo la kwanza halina mjadala. Kutoka Arusha hadi Katesh ni zaidi ya kilomita 200, na chakula kilichopakiwa alfajiri kitafika kikiwa vuguvugu, hali ambayo vimelea huipenda kuliko zote. Chakula cha moto kinatakiwa kibaki juu ya nyuzi 60 za Selsiasi hadi kinapopakuliwa, na kilichokaa katika joto la kawaida kwa zaidi ya saa mbili kisipelekwe kwa mtu. Wali ndio wenye hila zaidi, kwa kuwa bakteria aitwaye Bacillus cereus huacha mbegu zinazostahimili kuchemshwa, na sumu anayoitoa ndani ya wali uliolala haiondoki hata ukiupasha moto upya.

Hamisha jiko, lakini uliweke mahali palipoinuka, mbali na vyoo, na usitumie maji ya kisima chochote kilichofikiwa na mafuriko hata kama yanaonekana meupe. Leta boza. Wapishi wote wawe wamepimwa afya na vyeti vyao viwepo hapo hapo jikoni, maana bwana afya atakuja hata wakati wa maafa, na mimi niliyeifanya kazi hiyo hadi kustaafu nakwambia tulikuwa tukianzia jikoni.

Mgumu wa Marangu
Shikamoo Bibi. Dada wa Njiro, mimi ni mpishi wa mlimani, na moto ulipozuka Kilimanjaro Oktoba 2020 nilikuwa miongoni mwa waliopandisha vyakula. Jambo lililotushinda siku ya kwanza lilikuwa saa za kula: wageni wa harusi huja pamoja, lakini watu wa zamu hushuka saa tisa usiku wakiwa wamelowa na hawana hamu ya pilau. Walichotaka ni uji mzito na chai yenye sukari nyingi, kisha baada ya kupumzika ndipo walipokula ugali, maharage na nyama, tena kwa kiasi ambacho kingekushangaza. Kilo ya mchele inayotosha watu wanane harusini, wale waliimaliza watano.

Kama utaitwa juu, maharage yachemshe huku chini kwanza. Kambi ya Horombo, kule Kilimanjaro, iko mita 3,720 juu ya usawa wa bahari, maji huchemka kabla ya kufika nyuzi 90, na utamaliza gesi yako yote yakiwa bado magumu. Pia usifungashe katika mifuko ya plastiki, kwani ilipigwa marufuku tangu tarehe 1 Juni 2019.

Mhasibu wa Sakina
Kuhusu bei, usiige harusi. Toza kwa mtu kwa siku, uweke idadi ya chini ambayo utalipwa hata wasipofika, na usafiri, maji na nishati uvihesabu kando. Nasema hivyo kwa sababu niliwahi kuambiwa kwa mdomo niandae watu 80. Wakaja 46, kesho yake wakaja 130, na ilipofika siku ya kulipa hapakuwa na karatasi iliyosainiwa na mtu yeyote. Nilisubiri miezi mitano. Siku hizi nina daftari ambalo kiongozi wa zamu husaini kila mlo, akiwa na kijiko mkononi ikibidi.

Jisajili sasa hivi katika NeST, mfumo wa serikali wa ununuzi wa umma kwa mtandao, kwani taasisi za umma hununua kupitia humo, na siku ya maafa hakuna atakayekusubiri utafute hati ya mlipakodi na leseni. Kumbuka pia kodi ya zuio itakatwa kwenye malipo yako.

Mpishi wa Njiro
Nawashukuru sana, na Bibi, shikamoo. Usajili nitauanza Jumatatu. Limebaki moja tu: nitegemee kuni au gesi?

Mgumu wa Marangu
Gesi, dada. Penye mafuriko kuni zote zimelowa, na ile kavu iliyobaki wenyeji wanaihitaji kuliko wewe.