Wauza spika za bluetooth, hizo "wati 40" mnazitoa wapi?

Wakuu, habari za jioni. Leo nina hasira, mnivumilie.

Nimenunua spika ndogo ya bluetooth pale Kariakoo, 25,000. Boksi limeandikwa kwa maandishi makubwa: wati 40, besi nzito, inapiga saa 12. Jamaa akaiwasha dukani, ikaguruma, nikalipa. Nyumbani haifikishi hata saa tatu. Ukivuka nusu ya sauti inakwaruza, na chaji ikishuka kidogo halafu wimbo ukaja na ngoma nzito, inajizima na kuwaka yenyewe. Kila ikiwaka, ile sauti ya dada iliyorekodiwa ndani ya spika inakupigia kelele kwa Kiingereza kwamba iko tayari kuunganishwa. Saa sita usiku, watoto wamelala.

Nikaipeleka kwa fundi wa mtaani, akafungua mbele yangu. Betri moja tu ya duara, volti 3.7, imeandikwa 1200mAh, yaani ampea-saa 1.2. Sasa pigeni hesabu: 3.7 mara 1.2 ni kama wati-saa 4.4. Ingekuwa kweli inatoa wati 40, betri ingekwisha ndani ya dakika saba! Ikipiga saa tatu maana yake inakula wati moja na nusu. Hata waya wake wa chaji, volti 5 kwa ampea 1, unaingiza wati 5 tu. Hizo 35 nyingine zinatoka wapi, kwa mganga?

Na ile "spika ya pili" ya upande wa nyuma haina waya wala sumaku. Ni mpira wenye kibati katikati. Kwenye spika ya maana mpira ule unasaidia besi kweli, ila lazima kasha la spika liwe limezibwa vizuri. Hii yangu hewa inatokea kwenye tundu la memori kadi, ukiweka kidole unaisikia.

Mtu asije akaniambia nachukia vitu vya bei rahisi. Umeme ukikatika hii spika ndiyo redio yetu, unachomeka waya wa chaji kama antena na stesheni zinashika. Mama watoto anapika nayo jikoni, flashi inasoma bila shida, na haihitaji meza ya sabufa wala waya wa kukwaza watoto. Kwa 25,000, wati 3 za kweli zingenitosha kabisa. Uongo ni wa nini?

Halafu kuna hili la nyumba za kupanga. Spika hizi hazina namba ya siri, na karibu kila chumba wanayo, zote zina jina lilelile. Jumapili mama watoto anasikiliza mahubiri, simu ikaita, akatoka nayo mpaka bombani. Kuta mbili za tofali, mawasiliano yakakatika (boksi linasema mita 10, hawasemi ni uwanjani). Kabla hajarudi, dogo wa chumba cha tatu kashaidaka bila hata kujua. Mchungaji kaishia kwenye "wapendwa," ikaingia singeli! Mama mwenye nyumba yuko mlangoni anatutazama.

Kwenye TV ndiyo usiseme. Ukiiunganisha uangalie mpira, goli limeshaingia, kelele za mtangazaji zinafuata nyuma.

Nimempigia muuzaji. Anajibu bila aibu: "Bosi, wati za kwenye boksi ni za kuuzia tu." Za kuuzia! Na risiti ina mhuri wa bidhaa ikishauzwa hairudishwi. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumdanganya mnunuzi kuhusu bidhaa, na sioni mhuri wa mpira unaifutaje. Kesho asubuhi naenda na boksi lake na picha ya hiyo betri, anionyeshe wati 40 ziko wapi au anipe hela yangu.

Mwenye spika ya chini ya 50,000 ambayo betri yake inaendana na maandishi ya boksi, aitaje hapa na bei aliyonunulia. Fungueni kwanza muone ndani, msinitajie ya kwenye tangazo. Na wale wa "ungeongeza hela ununue kubwa", piteni kimya kimya, leo sina nguvu ya kubishana.