Naomba ushauri: sanduku la vyombo vya marehemu muzee wa reli, ninunue lote ama niache?

FundiKatuba

Bandugu na bayaya, yambo yenu wote.

Niko Lubumbashi, Katuba. Kazi yangu ni mbao: milango, vitanda, kabati. Mashine ya umeme ninayo, lakini umeme wenyewe mnaujua, unakatika mteja akiwa amekaa kwenye benchi anangoja mlango wake. Kwa hiyo ninarudi kwenye vyombo vya mkono, na vile vipya vya sokoni vimenichosha. Randa ya mwisho niliyonunua soko la Kenya, mtaa wa hapahapa Lubumbashi, kisu kinakufa kabla sijamaliza ubao mmoja wa mulombwa, na skrubu ya kurekebisha inazunguka bure tu.

Sasa kumetokea jambo. Kule Kampemba kuna muzee aliyefanya kazi reli miaka mingi, amefariki, matanga yamekwisha juzi. Ndugu wa mjane anauza sanduku lake la chuma na vyote vilivyomo: randa mbili za chuma na moja ya mbao, patasi fungu zima, keekee na biti zake, msumeno wa mkono, spana nyingi. Kutu kila mahali, maana sanduku lilikaa barazani mvua zote. Anataka dola 120, hakubali nichague. Tena ananiambia nisipoleta franga kufikia Jumamosi, vijana wa mitraye, wanunuzi wa vyuma chakavu, wanakuja na mizani yao.

Kwenye randa moja nimesoma Stanley, na vyombo kadhaa vimegongwa herufi BCK. Bei ni ya haki? Nitajuaje kama kilicho chini ya kutu ni kizima? Na hiyo BCK haitaniletea matatizo?

JiweLaKunoa (Likasi)

Yambo ndugu yangu. Kutu usiihofu, ya juu inatoka. Hofu ufa.

Mwili wa randa ni chuma cha kumimina. Ikianguka kwenye saruji haipindi, inapasuka, na ufa hupenda pembeni mwa mdomo, pale kisu kinapotokea, au kwenye kuta za ubavuni. Fungua kila kitu: kisu, chuma kinachokibana, na kitako kinachokibeba. Shika mwili mtupu kwa vidole viwili, ugonge kwa mpini wa bisibisi. Mzima unalia. Uliopasuka unajibu kwa sauti butu. Halafu paka petroli kidogo kuzunguka mdomo, ufute vizuri, ungoje. Kama kuna ufa, petroli iliyoingia ndani itachora mstari wa unyevu juu ya chuma kikavu. Usione haya kufanya hivyo mbele ya muuzaji. Akikukataza kufungua, jibu umeshalipata.

Neno Stanley peke yake halitoshi. Walitengeneza Marekani, New Britain, na tangu miaka ya 1930 Uingereza pia, Sheffield. Tazama nyuma ya kitako, kabla ya kufika kwenye mpini. Ukikuta tarehe zimemiminwa pamoja na chuma, MAR-25-02, AUG-19-02 na APR-19-10, hiyo ni randa ya Marekani ya miaka ya vita vya kwanza vya dunia. Ukikuta hivyo, funga mdomo wako mpaka umelipa, hahaha.

Kisu: ule mwanya mrefu katikati yake unauona? Kati ya mwanya na makali kukibaki chini ya sentimeta mbili, kisu kimeliwa, hesabu umenunua randa bila kisu. Patasi nazo zijaribu kwa tupa. Ipitishe karibu na makali: ikiteleza kama juu ya kioo, chuma ni kigumu bado, ikiuma na kutoa unga, ama ni chuma cha bure, ama mtu aliichoma kwenye jiwe la umeme. Nyingi za zamani ni vyuma viwili vilivyounganishwa kwa moto, kigumu mbele na laini mgongoni, na ukisafisha ubavu utaona mstari wa maungio. Patasi iliyonolewa mpaka ikabaki kisiki, sehemu ngumu imekwisha.

Biti za keekee: kwenye ncha kuna parafujo ndogo inayoivuta biti ndani ya mbao. Ikilika, utasukuma mpaka kifua kiume na tundu halisongi mbele.

Na tazama alama za Wafaransa, huku Katanga zinatokea. Jicho ni Goldenberg, watu wa Alsace, chuma chao kitamu sana. Simba ni Peugeot Frères. Ndiyo, ndio haohao wa 404 na 504 zilizowabeba baba zetu, walikuwa wanatengeneza misumeno kabla ya kujua gari ni kitu gani.

HarakaHaraka

Maneno mengi. Dola 120 kwa sanduku zima ni zawadi. Lipa leo usiku. Watu wa mitraye hawajui Stanley wala Goldenberg, wanajua kilo. Nimeona kwa macho yangu jiriwa ya mguu mmoja, nzima kabisa, ikivunjwa kwa nyundo kubwa ili iingie kwenye mkokoteni. Wewe ukisali na kufikiri, wenzako wanabeba.

MamaViti_Bukavu

Habari zenu. Mimi ninauza viti na meza hapa Bukavu, na vyombo vya marehemu nimeshanunua mara nyingi, kwa hiyo simfundishi mtu adabu kutoka mbali.

FundiKatuba, kabla ya kugonga randa, uliza nani anauza. Ndugu wa mjane si mrithi. Sheria ya familia ya 1987, ile iliyorekebishwa 2016, inaweka watoto wa marehemu katika kundi la kwanza na kuwapa robo tatu ya mali. Mjane, wazazi wa marehemu na ndugu za marehemu wanafuata. Huyo bwana anayekuharakisha hayumo kabisa, na ukiniuliza, ndiyo maana anakuharakisha. Siku mtoto mkubwa akifika kutoka Kolwezi au Kinshasa akauliza sanduku la baba liko wapi, atakuja kwako Katuba, hatakwenda kwa mjomba wake.

Muone mjane mwenyewe, na mtoto mmoja mkubwa awepo. Andikeni karatasi: orodha ya vyombo, bei, majina, sahihi, na shefu wa avenyu, kiongozi wa barabara yenu, au jirani mmoja awe shahidi. Karatasi yenyewe haichukui hata saa moja.

Na wewe JiweLaKunoa, hapo kwa "funga mdomo" sikuungi mkono. Kupatana bei ni haki ya kila mtu. Lakini mjane akikuuliza kwa kinywa chake kile chombo ni kitu gani, mwambie. Mimi familia ninazowaambia ukweli ndizo zinazonipigia simu jirani yao akifariki. Biashara yangu nusu inatoka hapo.

JiweLaKunoa (Likasi)

Mama, nimesikia. Nilitania, lakini nimesikia.

ReliYaZamani

Kijana, hiyo BCK niachie mimi, nimekulia Kamalondo na harufu ya mafuta ya treni.

BCK ni kampuni ya reli ya wakati wa Wabelgiji, iliundwa 1906. Baadaye ikaitwa KDL, 1974 ikaingizwa ndani ya SNCZ, shirika la reli la taifa, na jina hili la SNCC ni la 1997, Zaire iliporudi kuitwa Kongo. Kwa hiyo chombo chenye BCK kimepita nusu karne, na kampuni yenye jina hilo haipo tena kukudai nyundo. Mafundi wa ateliye, yaani karakana, walipewa vyombo, vingine vilifutwa kwenye vitabu vikauzwa kwao, vingine, tuseme ukweli, vilipanda baiskeli vyenyewe jioni. Miaka hamsini imepita, hakuna atakayekufuata. Ni vilevile na UMHK, Union Minière, kampuni ya migodi iliyotaifishwa 1967. Mwaka 2003, Gécamines, kampuni ya serikali iliyorithi migodi hiyo, ilipoachana na wafanyakazi zaidi ya elfu kumi kwa ule mpango wa kuondoka kwa hiari, niliona masanduku mengi ya namna hiyo yakitoka kwenye nyumba za Makomeno, mtaa wa wafanyakazi wake. Ilibidi watu wale.

Lakini shika hili: ukiona SNCC, au alama ya kampuni ya mgodi inayofanya kazi leo, na chombo bado kina rangi yake, rudisha sandukuni. Anayenunua mali ya wizi naye anafungwa. Na alama iliyosuguliwa kwa tupa ni mbaya kuliko alama inayoonekana. Mtu hasugui herufi bure.

MoroUseremala (Morogoro)

Wakuu, salamu kutoka Tanzania. Mada tamu hii, ngoja nichangie upande wa kutu, maana naona watu wanataka kumkimbiza jamaa kwenye mashine.

Mkuu, usipeleke kisu kwenye grainda! Chuma cha namna hiyo kikipata joto kikageuka rangi ya buluu, karibu nyuzi 300 za Selsiasi, ugumu umeondoka na utabaki na kisu cha siagi. Loweka kwenye siki nyeupe usiku mmoja, ya dukani ya kawaida tu. Toa mipini ya mbao kwanza, na usiweke kitu kilichopakwa kromu au nikeli, siki itakibambua. Asubuhi sugua kwa brashi ya waya laini, suuza kwa maji yenye magadi ili kuua asidi, kausha hapohapo karibu na jiko, paka mafuta. Ukiacha dakika chache tu bila mafuta, kutu jipya la rangi ya chungwa linaanza kukuchekea.

Msumeno usiuloweke. Sugua kwa msasa laini wenye mafuta, polepole, fuata urefu wa bati, kwa sababu chini ya kutu mara nyingi kuna chapa ya kiwanda na ukitumia msasa mkali umeifuta milele. Kabla ya kununua, utazame kwa jicho moja kuanzia mpini mpaka ncha. Ukipindwa kidogo na kurudi wenyewe, mzima. Ukiwa na kikunjo kimoja kikali katikati, mwachie mwenyewe atengenezee vikwangulio.

Uso wa chini wa randa unyoshe kwa msasa uliogundishwa juu ya kioo kinene au kipande cha marumaru. Kioo cha gari hakifai, kimepinda. Na usiipapase randa kwa mkono kujua kama imenyooka: weka rula ya chuma juu yake, elekeza kwenye mwanga, tazama unapopenya.

FundiKatuba

Aksanteni sana, bandugu, na wewe Mama Viti aksanti ya pekee. Ninaleta habari.

Nilikwenda kwa mjane bila kupitia kwa ndugu yake. Mama hakujua kuwa sanduku linauzwa! Alikuwa ameambiwa linapelekwa kusafishwa. Akamwita mtoto wake mkubwa, akaja na mdogo wake ambaye ni fundi wa magari, na mjomba akakumbuka ana safari.

Tulimwaga kila kitu chini uani. Fundi wa magari akachukua spana zote, hakuacha hata moja, na sikuona vibaya. Mkubwa akataka kubaki na randa ya mbao. Mpini wake wa mbele umelika pale kidole gumba cha baba yake kilipokuwa kinakaa, unaingiza kidole chako unakuta shimo limekwisha kuchimbwa. Imepasuka kwa kiangazi lakini hiyo si ya kuuzwa, nilimwambia hivyo mwenyewe. Msumeno nao wakauacha nyumbani kwanza.

Mimi nimechukua randa mbili za chuma, patasi na keekee kwa dola 70, na karatasi tumeandika, shefu wa avenyu ametia sahihi. Patasi mbili zina jicho la Goldenberg na tupa iliteleza kabisa.

Kuna shida moja. Stanley, niliyokuwa ninaiota usiku, imepasuka. Petroli imechora mstari kutoka kona ya mdomo, kama sentimeta moja. Niliwaonyesha, ndiyo maana bei ikashuka. Ile nyingine ina rangi ya buluu chini ya uchafu, imeandikwa Record, na inalia vizuri, lakini kisu chake kimeliwa mpaka karibu na mwanya. Mchomeleaji wa mtaani kwangu anasema ataishona Stanley kwa shaba. Nimpe?

JiweLaKunoa (Likasi)

Usimpe! Moto wa kuchomelea utapinda uso wote wa chini, na utasugua msasa mpaka Krismasi.

Kisu cha Stanley kina upana gani? Kikiwa sentimeta tano na kidogo, na Record imeandikwa 04, kihamishe kisu pamoja na chuma cha juu yake. Record walifuata umbo lilelile, kitaingia. Hivyo unapata randa moja nzima ya kazi. Stanley iweke kwa vipuri, na skrubu zake zifunge kwenye kitambaa, usizitupe ndani ya kopo na zingine. Uzi wake si wa metriki wala si wa kawaida wa inchi, ukipoteza moja hutaipata duka lolote la Lubumbashi.

Ufa wa sentimeta moja kwenye kona wenyewe hauui randa mara moja. Ukitaka, itumie kwa kazi za kwanza za kuondoa magome na madoa ya saruji, mpaka siku itakapofunguka.

FundiKatuba

Sentimeta tano na kidogo, na ni 04. Kimeingia! Nimetoa utepe mmoja wa mulombwa mwembamba, unasoma gazeti kupitia kwake. Nimebakiza mipini ya patasi, minne imeoza.

MoroUseremala (Morogoro)

Chonga kutoka kipande kikavu chenye nyuzi zilizonyooka tangu juu mpaka chini, mkuu. Mbao mbichi ikikauka itaachia chuma katikati ya kazi. Na visha pete ya bomba kwenye kichwa cha mpini kama unapiga kwa nyundo ya chuma.

HarakaHaraka

Msumeno umesema umebaki nyumbani? Nipe namba ya huyo mtoto mkubwa.

FundiKatuba

Namba sikupi. Nitamuuliza kwanza, akikubali nitakuita, na unakuja na karatasi.