Mbwa wa miezi 2: mnyororo wa mchana, mwalimu wa mbwa, au nimfundishe mwenyewe?

Baba Neema, Njiro
Habari za jioni wanajamvi. Juzi nimeletewa mbwa dume wa wiki 8 kutoka Usa River, chotara wa German Shepherd na mbwa wetu wa kienyeji. Nina watoto wawili, miaka 4 na 7, ndiyo maana sitaki kukosea. Nataka usiku alinde, mchana mgeni akigonga geti asimrukie, na watoto wacheze naye bila mimi kukaa roho juu. Naona njia tatu: kumfunga mnyororo mchana kama majirani wanavyofanya, akifikisha miezi 6 nimpeleke kwa mwalimu akae huko wiki kadhaa, au nimfundishe mwenyewe. Waliopitia naomba mwongozo.

Kibosho Juu
Banda kubwa lenye kivuli sina ugomvi nalo. Mnyororo hapana. Wetu alifungwa kwenye mparachichi tangu mdogo, anaona watu wakipita na hawafikii. Siku mnyororo ulipokatika alimng'ata mtoto wa jirani anayemjua kabisa. Tukaosha jeraha kwa sabuni na maji ya bomba dakika 15, mbio hospitali kwa chanjo. Mbwa aliyefungwa hana pa kukimbilia, anachojifunza ni kutisha kwanza.

Mama Junior, Moshi
Mimi nilimpeleka kwa mwalimu. Alirudi anajua kukaa, kulala, kutembea kando ya mguu. Ila nikiinua mkono kuanua nguo kwenye kamba, anajikunyata chini na kujikojolea. Siku ya kwanza nilikaa naye barazani nikalia. Sisemi walimu wote wako hivyo. Muulize anafanya nini mbwa akikosea, kisha omba uangalie somo zima. Akikukatalia, ondoka na mbwa wako.

Dagaa Mfukoni, Moshono
Baba Neema, mfundishe mwenyewe na uanze leo, usingoje miezi 6. Tangu wiki ya 3 hadi kama ya 14 ndipo mbwa anapojua kipi ni cha kawaida na kipi cha kuogopa. Wangu nilikuwa nambeba kwenye kikapu hadi kijiwe cha bodaboda, dakika 10 tu, anaona helmeti, miavuli, mama mwenye ndizi kichwani, huku anapewa dagaa. Nilimbeba, sikumtembeza: chanjo zilikuwa hazijakamilika, na virusi vya parvo, ule ugonjwa wa kuhara unaoua watoto wa mbwa, vinakaa kwenye udongo miezi mingi. Chanjo hiyo huanza wiki ya 6 hadi 8, hurudiwa kila wiki 3 au 4 mpaka wiki ya 16. Ya kichaa cha mbwa achomwe akifikisha miezi 3.

Somo la kukaa ni hivi. Shika kipande cha dagaa mbele ya pua yake, kipandishe taratibu kuelekea juu ya kichwa. Kichwa kinafuata, makalio yanashuka yenyewe. Yakigusa chini tu, mpe hapo hapo. Ukichelewa akasimama ndipo ukampa, umemlipa kwa kusimama. Dakika 3 au 4 zinatosha, mara tatu kwa siku, kabla hajala. Dagaa wa ziwani, sio wa chumvi. Na akiuma vidole vya watoto, mchezo umekwisha: wasimame kama miti, mikono wameikunja.

Baba Neema, Njiro
Nashukuru sana. Shida mchana sipo. Nikirudi nakuta kakojoa jikoni, na dada wa nyumbani anamsugua pua kwenye mkojo, ndivyo alivyoona kwao.

Mzee wa Rau
Kijana wangu, hapo ndipo penye jambo lako. Anayeshinda na mbwa ndiye mwalimu wake, hata usipomteua. Mbwa wa miezi 2 hawezi kubana mkojo zaidi ya saa 2 au 3. Akiamka, akila, akimaliza kucheza, dada amtoe mahali pale pale, asubiri amalize, ampe dagaa. Kumsugua pua kunamfundisha kukojoa kwa kujificha. Mtaukuta nyuma ya kochi.

Kisha mkubaliane neno moja. Kwangu mimi nilisema "kaa", mke wangu "keti", wajukuu wana lao. Na "kaa" majumbani mwetu linasemwa kutwa kwa wageni na watoto, mbwa akalizoea kama sauti ya redio.

Baba Neema, Njiro
Shikamoo mzee. Jana baada ya chakula tulikaa wote. Neno letu ni "tuli", Neema ndiye kalichagua. Dada amefunga dagaa kwenye pindo la khanga. Leo nimerudi, jikoni pakavu, kamtoa mara saba. Mwisho wa mwezi nitamwongezea kwenye mshahara, maana kazi hii haikuwepo tulipopatana.

Mama Junior, Moshi
Hapo umetenda haki. Mzee, na wangu ambaye tayari ana hofu, sasa ana miaka 2, naanzia wapi?

Mzee wa Rau
Marahaba, Baba Neema. Mama Junior, anzia pale pale kwenye kamba ya nguo. Inua mkono usawa wa kiuno tu, mtupie dagaa. Akizoea, usawa wa kifua. Akijikunyata ujue umepanda haraka mno, shuka tena.