Seva yetu ya Kiswahili inakaribia kuzimwa kwa kukosa fedha: naomba ushauri kabla ya tarehe 28

Mkulima wa Seva (mleta mada)

Wadau, nawasalimu. Mimi ni mwalimu wa sekondari hapa Morogoro, na tangu Desemba 2022 ninaendesha seva ya Mastodon, mtandao wa kijamii unaofanana na Twitter lakini wenye seva nyingi zinazowasiliana, kila moja na mwendeshaji wake, kwa ajili ya watu wanaoandika kwa Kiswahili: washairi, wafasiri, walimu wenzangu, na wachache waliohama baada ya Elon Musk kuinunua Twitter mwezi Oktoba mwaka huo. Hatuna matangazo, hakuna mashine inayochagua nani aonekane na nani azikwe, na programu yenyewe ni huria, kwa maana kwamba yeyote anaweza kuichukua, kuisoma na kuiendesha bila kumlipa mtu.

Bila kumlipa mtu, isipokuwa mwenye mashine. Seva ipo Ujerumani na inalipiwa kwa yuro: mashine 38, hifadhi ya picha 21, huduma ya kutuma barua pepe 15. Jumla ni yuro 74 kila mwezi, zaidi ya shilingi laki mbili, na hapo sijahesabu kikoa, yaani anwani ya tovuti. Waliojisajili ni 1,140, wanaoingia angalau mara moja kwa mwezi ni kama 210, na wanaochanga kwa njia ya simu ni 63, wengi wao shilingi elfu moja au mbili. Mwezi uliopita michango ilifika 96,000. Pengo ninalijaza kwa mshahara wangu, na mke wangu ameanza kuuliza maswali ambayo sina majibu yake.

Swali langu ni moja: mwendeshaji wa jukwaa huru la namna hii apate wapi fedha za kudumu, bila kulifunga na bila kuligeuza duka?

Mzee wa Kijiwe

Mwalimu, hilo la mkeo umeliweka mwisho, na mimi ningelianza nalo. Mwaka 1998 nilikuwa na televisheni ya betri peke yangu kijijini, na Kombe la Dunia lilipoanza ua wangu ulijaa hadi watu wakakaa juu ya kinu. Betri ilipokufa kabla ya fainali nilipitisha kofia ili tukaichaji mjini, na kofia ikarudi ikiwa kofia tu. Walewale walionisifu kwa ukarimu usiku uliotangulia walihamia kwa mwenye redio bila hata kuniaga. Ukitaka kujua nani ni mwenzako, zima kwa wiki moja uone nani atapiga simu.

Fundi Mitambo

Mkuu, kabla ya kutafuta fedha, punguza matumizi. Yuro 21 za hifadhi kwa watu 210 ni nyingi mno, na ninadhani najua zinakokwenda. Seva ya Mastodon haitunzi picha za wanachama wako peke yao. Mwanachama wako anapomfuata mtu wa seva nyingine, seva yako inachukua nakala za picha na video za mtu huyo na kuziweka kwako, na usipoweka ukomo wa siku zitakaa hapo hadi kiyama. Ingia kwenye mipangilio, weka siku saba kwa maudhui ya kutoka nje, kisha uendeshe amri ya tootctl media remove. Na kama umejiunga na rilei kubwa, yaani kituo kinachosambaza machapisho ya seva nyingi kwa pamoja, ili ukurasa wako uonekane umechangamka, jitoe leo hii, kwa maana unalipia maelfu ya machapisho ambayo hakuna mtu wako aliyeomba kuyasoma.

Bahari ya Kusi

Nipo Mombasa, na jambo hili nimelifuatilia kwa muda. Usijilaumu kupita kiasi, kwa sababu hata wakubwa wanahangaika. Eugen Rochko, aliyeianzisha Mastodon mwaka 2016, aliishi miaka mingi kwa michango ya kila mwezi ya Patreon, tovuti ambako watu humchangia mtu wanayeipenda kazi yake. Mwaka 2021 akaunda kampuni isiyo ya faida Ujerumani, na mwaka 2024 mamlaka za huko zikaiondolea hadhi hiyo ya kutokuwa ya faida. Mozilla, wale wa kivinjari cha Firefox, ambao hawakukosa fedha, waliizima seva yao ya mozilla.social Desemba 2024. Kwa upande mwingine, Diaspora, mtandao huria mwingine ulioanzishwa na wanafunzi wanne wa New York, iliomba dola 10,000 kwenye Kickstarter, tovuti ya kuchangisha fedha za miradi, mwaka 2010 ikapata zaidi ya dola 200,000, na bado waanzilishi wakaikabidhi kwa jumuiya mwaka 2012. Fedha zilifika kabla ya kazi, na matarajio yakazidi mikono iliyokuwepo.

Kuhusu wafadhili, wapo NLnet, taasisi ya Uholanzi, ambao kupitia mifuko yao ya NGI Zero hutoa ruzuku za kati ya yuro 5,000 na 50,000, lakini hizo ni za kuunda au kuboresha programu huria. Ankara ya seva ya washairi haitawagusa. Mfano ulio karibu nawe zaidi ni social.coop, seva inayomilikiwa na wanachama wake kama ushirika: wanachanga, wanapiga kura, wanaziona hesabu.

Mama Kibubu

Huo ushirika ndio lugha ninayoielewa. Mimi ni mweka hazina wa kikoba chetu hapa Tanga kwa mwaka wa tisa. Mwanzoni tulisema kila mtu atoe anapopata, na hakuna aliyepata. Tulipopanga Jumamosi ya kwanza ya mwezi, na daftari likawa linasomwa kwa sauti mbele ya wote, nani katoa na zimetumikaje, hata wale wabishi wakawa wanawahi. Sikumbuki kama kuna aliyewahi kutoa kwa sababu nilimsihi. Walitoa kwa sababu walisikia daftari. Sasa mwanangu, hizo yuro 74 ulizotuandikia sisi wageni, wanachama wako wanazijua?

Mkulima wa Seva

Shikamoo mama. Wanajua kwa ujumla kwamba kuna gharama. Fundi, nashukuru, nitalifanyia kazi leo usiku. Bahari ya Kusi, ushirika ni wazo zuri, lakini kuusajili kunahitaji muda ambao sina.

Jicho la Tatu

Muda ambao huna kwa nini? Kichwa cha uzi kinasema kabla ya tarehe 28, lakini kampuni nyingi za seva hutoa ankara mwezi unapoisha au unapoanza, na umesema pengo unalijaza mwenyewe kila mwezi. Tarehe 28 kuna nini?

Mzee wa Kijiwe

Nami nilitaka kuuliza hilo.

Mkulima wa Seva

Ni kweli sikueleza yote, si kwa nia mbaya, bali nilitaka kwanza kusikia mawazo yasiyoelemea upande wowote. Kuna kampuni ya michezo ya kubashiri iliyonifuata mwezi wa pili. Wanatoa shilingi milioni tatu kwa miezi sita ya udhamini. Kuna tangazo moja juu ya ukurasa wa mbele na chapisho moja kwa siku, basi. Nimekwisha kupokea milioni moja ya awali, na tarehe 28 ni siku ya kukamilisha upande wangu wa makubaliano ili iliyobaki itolewe.

Kabla hamjanihukumu, nitazameni jezi za timu tunazozishangilia kila wiki, msome zimeandikwa nini kifuani. Fedha zilezile zikimfaa mchezaji mnampigia makofi, zikimfaa mshairi zinakuwa haramu? Pia sijauza jukwaa. Programu inabaki huria, na asiyependa tangazo anaweza kuhamisha akaunti yake kwenda seva nyingine bila kupoteza wafuasi wake, jambo ambalo mitandao mikubwa haimruhusu mtu.

Msafiri wa Maskati

Kwa hiyo mwalimu amewawekea washairi mkeka. Vina vya mwisho vikigongana, odi mbili nukta nane.

Bahari ya Kusi

Anaweza kuhamisha wafuasi, lakini machapisho yake ya miaka mitatu hayahami naye. Usilitaje hilo nusu. Na hayo "kukamilisha upande wangu" yana maana gani? Tangazo huwekwa kwa dakika tano. Unakabidhi nini tarehe 28?

Mkulima wa Seva

Orodha ya mawasiliano ya watumiaji, yaani namba za simu. Wameahidi kwa maandishi kwamba hawatatuma zaidi ya ujumbe mmoja kwa wiki.

Jicho la Tatu

Wadau, hii ni chai, na mleta mada ameisahau sukari. Nimewahi kusimamia seva ya Mastodon. Mtu anayejisajili anaulizwa jina la akaunti, barua pepe na nenosiri. Hakuna mahali popote anapoulizwa namba ya simu. Namba anazotaka kuziuza amezitoa wapi? Tumetumia siku nzima kumpa mtu ruzuku za Uholanzi na vikoba vya Tanga kwa tatizo alilolitunga.

Msafiri wa Maskati

Nilijua tangu aliposema washairi wanachanga.

Mkulima wa Seva

Sikutunga. Namba ni za wale 63 wanaochanga, kwa sababu kila muamala wa simu unaonyesha namba ya mtumaji. Niliongeza ukurasa mdogo ndani ya programu unaooanisha muamala na akaunti, ili aliyechanga apate alama ya nyota kwenye jina lake. Kazi hiyo niliifanya mwenyewe kwa likizo mbili, na ninasikitika kuitwa mzushi na mtu ambaye hajanipa hata wazo moja.

Fundi Mitambo

Kama umebadilisha programu, msimbo wako, yaani maandishi yanayoiunda programu hiyo, uko wapi? Mastodon ipo chini ya leseni ya AGPL, ambayo inasema kwamba ukiibadilisha na watu wakaitumia kupitia mtandao, ni lazima uwape msimbo uliobadilishwa. Kwa jambo hilihili Truth Social, mtandao wa kijamii wa Donald Trump, ilibanwa mwaka 2021: walichukua msimbo wa Mastodon kimyakimya, wakaandikiwa barua ya madai, na mwaka huohuo wakauweka hadharani. Sikufananishi na watu hao, lakini jukwaa unaloliita huria lina chumba ambacho umekifunga kwa kufuli.

Mkulima wa Seva

Sijauweka kwa sababu una nenosiri la hifadhidata ndani yake. Nilikusudia kuusafisha.

Jicho la Tatu

Vizuri, tuseme ukurasa upo. Basi nifanyie hesabu, mwalimu. Milioni tatu gawa kwa namba 63 ni zaidi ya shilingi 47,000 kwa namba moja. Nionyeshe kampuni ya kubashiri inayonunua namba ya mshairi wa Kiswahili kwa bei ya mbuzi mdogo, nami nitakuomba radhi hadharani.

Mkulima wa Seva

Makubaliano hayajataja 63. Yanasema "watumiaji waliosajiliwa". Waliponiuliza ni wangapi, niliwaambia 1,140, na hiyo ni idadi ya kweli ya waliosajiliwa.

Mzee wa Kijiwe

Lahaula.

Bahari ya Kusi

Kwa hiyo umewaahidi namba 1,140 ambazo huna, na unataka kuwapa 63 ambazo si zako. Ndugu yangu, Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, na sisi Kenya tunayo yetu ya mwaka 2019. Zote mbili zinafuata kanuni moja: taarifa iliyochukuliwa kwa kazi moja haipewi kazi nyingine bila mwenyewe kujua. Wewe unaita udhamini, lakini mbele ya Tume inayosimamia sheria hiyo hilo litakuwa na jina jingine. Sitaki hata kukuuliza kuhusu leseni ya maudhui ya mtandaoni. Tunakumbuka jinsi kanuni za mwaka 2018, zilizokuja na ada ya zaidi ya shilingi milioni mbili, zilivyofanya majukwaa na blogu kadhaa kusitisha huduma mwezi Juni mwaka ule.

Mkulima wa Seva

Mnazungumza kana kwamba nilikuwa na njia kumi nikachagua iliyo mbaya. Kwa miaka mitatu nimeamka saa nane za usiku seva ikianguka, nimefuta akaunti za matapeli kwa mamia, nimesuluhisha ugomvi wa watu wazima juu ya mizani. Hakuna aliyeniuliza fedha zinatoka wapi. Aliyeuliza wa kwanza ni hiyo kampuni.

Mpwa wa Pangani

Shikamoo Mwalimu. Kwa jina hili hunijui, lakini kule kwetu mimi ndiye ninayeandika zile tungo za alfajiri ambazo wewe huzijibu wakati wa mapumziko ya saa nne. Nimejisajili hapa sasa hivi ili nikujibu. Wanaosema hii ni chai wanakosea, kwa sababu mimi ni mmoja wa hao 63 na nina nyota kwenye jina langu.

Nilichanga fedha. Namba ya simu ilifuatana na muamala kwa sababu hakuna njia ya kutuma fedha ukaiacha namba nyumbani. Mwaka juzi mdogo wangu alimaliza ada ya chuo kwenye mikeka, na simu yake hadi leo haipumui kwa jumbe za hao watu. Mojawapo ya sababu za mimi kuja kwako ilikuwa kwamba kwako hawapo. Umesema hakuna aliyekuuliza fedha zinatoka wapi, na ni kweli sikuuliza, lakini nawe hujawahi kutuandikia kwamba ni yuro 74. Kila mwezi nilituma elfu mbili nikiamini zinatosha, kwa sababu kila mwezi uliandika "asanteni, tumevuka". Mtu akiambiwa amevuka, anaendelea kuogelea kwa nini?

Ninaomba uifute namba yangu. Na ile hesabu uliyowaandikia hawa, uiweke kule.

Mkulima wa Seva

Marahaba. Nimeifuta sasa hivi, na orodha yote nimeifuta pamoja nayo, sikuwa nimeituma. Hesabu nitaiweka jioni nikimaliza kusahihisha madaftari ya kidato cha pili. Kampuni nitawaandikia kesho kuwarudishia fedha yao, ingawa katika ile milioni moja zimebaki 640,000.

Fundi Mitambo

Na diski?

Mkulima wa Seva

Niliendesha amri usiku. Kutoka gigabaiti 412 imebaki 71. Rilei nilikuwa nimejiunga na tatu.

Mama Kibubu

Hizo 360,000 zilizopungua zimekwenda wapi, mwanangu? Kule juu kabisa umeandika kwamba pengo unalijaza kwa mshahara.

Mkulima wa Seva

Zimelipia pengo la miezi mitatu ya mwisho. Mshahara niliacha kuutumia kwa seva tangu mke wangu aliponiuliza.

Mama Kibubu

Basi jioni nao mstari huo uuandike.