Mafuriko Kinyerezi: tuwafikieje wakulima wa juu ya mto?

MamaKikoba ameuliza:

Habari za leo wanajukwaa, na wakubwa zangu shikamooni.

Nakaa Kinyerezi, bondeni, jirani kabisa na mto Msimbazi. Kinachotumaliza siku hizi si maji peke yake, ni mchanga. Masika yakikolea mto unashuka mzito, rangi ya chai ya maziwa, na maji yakipungua unakuta mchanga umejaa uani mpaka kwenye kizingiti. Mto nao kina chake kinazidi kupungua, kwa hiyo mvua ambayo miaka ya nyuma ingepita zake kwenda baharini sasa inaingia vyumbani. Tumepanga viroba, tumepanga matairi, wenye uwezo wamejenga kuta za mawe. Ukuta wa huyu unamsukumia maji yule wa ng'ambo, na hapo majirani wanaacha kusalimiana.

Sisi ni kikundi cha vikoba, wengi wetu akina mama. Tulipovunja mzunguko wa mwaka huu, mfuko wa jamii ulikuwa na akiba kidogo na wengi walitaka tuongezee ukuta. Mimi nilikataa, na bado nasimama hapo: pesa iende kule mchanga unakotoka. Wakaniambia basi nenda ukaone. Nikapanda na mwenzangu mpaka vilima vya Pugu, tukafuata kijito kimoja kuelekea Kisarawe, mvua ilikuwa imenyesha usiku wake.

Tulikuta shamba la muhogo kwenye mteremko, matuta yote yamelazwa kutoka juu kwenda chini. Kati ya tuta na tuta maji yamejichimbia mfereji, mifereji yote inakutana mwisho wa shamba, na inapokutana ndipo korongo linapoanza. Mihogo ya pembeni mizizi iko nje, inaning'inia. Ng'ambo ya njia kuna mzee ana mananasi, kayapanda kukingama mteremko, mistari imebanana. Maji yaliyokuwa yanatoka kwake yalikuwa machache na meupe. Kilima kile kile, mvua ile ile! Hapo nikaona hii kazi inawezekana.

Shida ni mazungumzo. Tulipomsogelea mwenye muhogo, swali lake la kwanza lilikuwa, "Mmetumwa kutupimia mita sitini?" Tukamwambia hapana, sisi ni watu wa huko chini tu, maji yanatuingilia. Akatupa pole, akaendelea na jembe lake. Sasa nauliza: mtu kama huyu unaanza naye vipi? Tumlipe? Tumnunulie miche? Na tuanzie kwa mwenyekiti au kwa mkulima mwenyewe?

---

Mhamiaji wa Mabwepande amejibu:

Pole dada. Mimi Desemba 2011 nilikuwa Jangwani, mafuriko yale yaliyoua watu zaidi ya 40 hapa jijini. Nilipanda juu ya bati na watoto. Baadaye tukapelekwa Mabwepande, na nipo huku mpaka leo.

Kwa hiyo msinilaumu nikisema sheria ifuatwe. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu, na zozote zinazoharibu mazingira ya mto, ndani ya mita 60 kutoka ukingoni. Sisi wa bondeni tulihamishwa. Kwa nini anayelima mpaka kwenye maji abembelezwe? Andikeni barua Bodi ya Maji Bonde la Wami/Ruvu, nakala kwa mtendaji. Akiba ya akina mama ikasomeshe watoto.

---

Mluguru wa Ilala amejibu:

Mkuu wa Mabwepande, pole sana kwa yaliyokukuta. Lakini soma tena alichoandika dada. Yule mwenye muhogo hayuko ukingoni, yuko mlimani. Mita 60 zinaweza kumtoa mtu mtoni, haziwezi kumgeuzia matuta.

Mimi natoka Matombo, Morogoro, na hapa mjini nauza ndizi na viungo. Kwetu jambo hili lina historia chungu. Miaka ya 1950 serikali ya mkoloni iliamua Waluguru wachimbe matuta ya ngazi milima yote, kuzuia mmomonyoko. Nia ilikuwa hii hii ya MamaKikoba. Ila ilikuja kwa amri na faini. Udongo wetu wa juu ni mwembamba. Ukichimba ngazi unaufukia ule mweusi wenye rutuba na kuleta juu mwekundu usio na nguvu. Wazee walikuwa wanatusimulia mahindi yalivyotoka ya njano, na mtu amechimba msimu mzima. Mwaka 1955 watu wakasimama, pakawa na vurugu Matombo, na mpango ukafia hapo. Mpaka nakua, ukimtajia mzee neno matuta ya ngazi, anabadilisha mazungumzo. Lakini nendeni Mgeta, milima hiyo hiyo ya Uluguru: ngazi zipo na zinalimwa, kwa sababu wanatia samadi, wanalima mboga, na mboga zinapata soko.

Baada ya 2006 ikaja njia nyingine upande wa Kibungo. Mashirika ya CARE na WWF yaliwakutanisha wakulima na watumiaji wa maji wa chini, DAWASCO iliyokuwa kampuni ya maji ya Dar na kiwanda cha soda cha Coca-Cola Kwanza wakachangia, na mkulima aliyehifadhi shamba lake akalipwa. Kazi zilikuwa za kuchagua: makinga maji, majani, miti, ngazi kwa anayeziweza. Ndugu zangu walioingia wanasema hela yenyewe haikuwa ya kujengea nyumba. Kilichowafanya waendelee ni kwamba shamba lilianza kushika unyevu na mavuno yakaonekana. Malipo yaliwavusha ule msimu wa kwanza ambao unafanya kazi na huoni kitu.

Na wana Dar wote lijueni hili, hata mnaokaa mbali na Msimbazi. Maji mengi ya bomba hapa mjini ni ya mto Ruvu, na Ruvu inaanzia Uluguru. Mtambo wa Ruvu Juu pale Mlandizi umejengwa kutoa lita milioni 196 kwa siku, Ruvu Chini kule Bagamoyo lita milioni 270. Mto ukija na tope, shabu ya kusafishia inatumika nyingi zaidi, na hiyo ni gharama. Mlima ulio mtupu maji yake yanashuka yote siku ya mvua. Kiangazi hauna cha kutoa. Mnaukumbuka mgao wa 2022, mvua zilipochelewa na Ruvu ikashuka.

Kwa hiyo dada, jibu langu: usianze na habari ya mto. Anza na ile mizizi ya muhogo iliyo nje. Mwambie, "Baba, udongo wako tunao sisi huku uani, na hatuutaki." Hasara ni yake kabla haijawa yako.

---

Bwana Shamba Mstaafu amejibu:

Mwanangu MamaKikoba, marahaba. Nimefanya kazi ya ugani Pwani kwa miaka mingi, nitakueleza mambo ya shambani.

Ardhi ya Pugu na Kisarawe sehemu kubwa ni kichanga. Msikimbilie kuchimba fanya juu, ule mtaro ambao udongo wake unatupwa upande wa juu, kama mlivyosikia inafanyika Arusha au Kondoa. Kwenye kichanga mtaro unabomoka, na ukibomoka unazaa korongo jipya. Hapo dawa ni mistari ya majani na kugeuza matuta yakingame.

Kugeuza matuta hakuhitaji pesa, kunahitaji usawa. Tuta likiinama hata kidogo, maji yote yanakimbilia pale penye bonde, yanavunja, yanashukia tuta la chini nalo linavunjika, na mnaondoka mkiwa mmemwongezea mkulima balaa. Chukueni mpira mwembamba wa maji unaoona ndani, ule mafundi ujenzi wanaotumia kupima usawa wa msingi. Jazeni maji, toeni mapovu yote. Mmoja ashike ncha hii kwenye mti uliotiwa alama, mwingine atembee na ncha ya pili kwenye mti wenye alama ya urefu ule ule, apande na kushuka mpaka maji yakae kwenye alama pande zote mbili. Chomeka kigingi, songeni mbele. Asubuhi moja mnamaliza shamba la ekari. Na huo mpira mpeni mkulima aushike mwenyewe. Akishaona kwa macho yake kwamba pale alipodhani ni sawa pameinama, hamna haja ya hotuba.

Kwenye mistari hiyo pandeni majani ya tembo. Nasema majani ya tembo kwa sababu yanauzika. Wafugaji wa ng'ombe wa maziwa wako Pugu na Chanika, na mnada wa ng'ombe uko hapo hapo Pugu. Mkulima anakata, anafunga mzigo, anauza kabla muhogo haujang'olewa. Ila mwambieni aache nafasi, maana yanakula rutuba ya mmea ulio jirani. Kwenye midomo ya korongo pandeni vetiva, yale majani marefu ya kushika udongo. Mizizi yake inashuka chini sana na ng'ombe hawaipendi, kwa hiyo inabaki.

Lile korongo lenyewe, mna viroba tayari. Vipangeni kukatisha korongo, vifupi, magotini tu, katikati pawe chini kuliko pembeni ili maji yapite katikati yasizunguke kula kingo. Anzeni juu kabisa korongo linapoanzia, kisha mteremke. Wengi wanaanza chini kwa sababu ndipo panapotisha, halafu masika inazoa vyote.

---

Mlima Muhogo Kisarawe amejibu:

Nimewasoma wote. Mimi ni mmoja wa hao mnaowazungumzia, labda hata ni jirani wa huyo baba mliyeongea naye.

Hamjauliza shamba ni la nani. Mimi nimepewa nilime na kulinda. Mwenyewe yuko mjini, amenunua akisubiri kujenga. Huku Pwani mti wa kudumu ni umiliki. Nikipanda mwembe au mkorosho, mwenye shamba atasema nataka kumnyang'anya, na nikiondoka anaweza kudaiwa fidia ya mti. Ndiyo maana nalima muhogo. Mkileta miche elfu mkagawa bure, tutapokea kwa heshima na itakauka kwenye viriba, na mtasema wakulima hawasikii. Majani sawa, tuta sawa, nanasi labda, maana nanasi linakaa mwaka na zaidi kabla sijala kitu na sijui kama msimu ujao nitakuwepo.

Matuta ya kushuka nayo yana sababu. Nalima peke yangu na mke wangu. Kupanda na kushuka na jembe ukiwa umekingama kilima kunaumiza mgongo upande mmoja, na mvua kubwa ikija maji yakituama muhogo unaoza. Mzee bwana shamba hilo hajaligusa.

Na msitubebeshe mafuriko yote. Kutoka Pugu mpaka kwenu ni mabati na zege, kila paa linamwaga barabarani, na wachimba mchanga wanamega kingo usiku. Sehemu yetu tunaikubali. Njooni, lakini njooni na mwenye shamba.

---

Bwana Shamba Mstaafu amejibu:

Umesema kweli kuhusu kuoza, ahsante. Pale maji yanapotuama, tuta lipewe mwinamo mdogo sana kuelekea kwenye njia ya maji iliyooteshwa majani, yatoke taratibu. Na hiyo njia ioteshwe kwanza, matuta yageuzwe msimu unaofuata.

---

MamaKikoba amejibu:

Shikamoo tena mzee, na ahsanteni nyote. Kaka wa Kisarawe, umenifungua macho kuliko wote. Leo kwenye kikao nimeuliza tu, nani hapa ana shamba Pugu, Kisarawe au Chanika ambalo mtu mwingine analima? Mikono imenyooshwa, hata ya wale waliolilia ukuta. Mchanga uliomo uani kwetu, mwingine unatoka kwenye viwanja vyetu wenyewe.

Basi tumepanga hivi. Wanachama wenye mashamba wataandika karatasi fupi mbele ya mwenyekiti wa huko: mlimaji anakaa misimu mitatu bila kuondolewa, majani ni yake na hela yake, mti wowote uliopandwa ni wa mwenye shamba na hauleti madai. Mfuko wa jamii utalipa vibarua wa kugeuza matuta, ili baba na mama wasiumie peke yao, na mbegu ya majani. Viroba tunavyo. Mlimaji hatapewa posho ya kukaa kikao. Atapewa ujira wa siku anazofanya kazi, wakati ule ule tunaowalipa vibarua, naye akiwepo.

Ndugu wa Mabwepande, sijakupuuza. Wachimba mchanga na waliojenga mtoni, hao barua yao tumeanza kuiandika, na ningependa uje utusaidie maneno, maana wewe unajua kilichotokea.

Mzee bwana shamba, kama afya inaruhusu, nauli na chakula ni juu yetu, uje utushikie ncha moja ya mpira. Tunataka vijiti viwe vimechomekwa kabla ya vuli. Na kwa yeyote: vetiva ya kuotesha inapatikana wapi karibu na Chanika, na mnauziana kwa shina au kwa kiroba?