Kihisi cha kutambua mtu anapoanguka: kivaliwe mkononi au kiunoni?

Swali (Mbarara): Ndugu zangu, natengeneza kifaa cha kuvaa kitakachotutumia ujumbe wa simu iwapo bibi yangu, anayeishi peke yake na bado analima, ataanguka. Je, kihisi cha mchapuko (kinachopima mabadiliko ya mwendo) kikae wapi, na nitatofautishaje kuanguka na kupiga jembe?

Jibu (Kampala): Kiunoni, kwa kuwa ni karibu na kitovu cha uzito wa mwili, ilhali mkono wa mkulima huvuruga vipimo siku nzima. Usitegemee kishindo peke yake: mtu anapoanguka, kipimo hushuka kwanza kutoka g 1 (nguvu ya mvutano wa dunia, ambayo kihisi huonyesha kikiwa kimetulia) kuelekea 0, kisha hupanda ghafla, mara nyingi kupita g 2, halafu mwili hulala na kutulia. Tafuta mfuatano huo wote.

Jibu (Gulu): Nakubali, ila mzee anayeporomoka taratibu huku ameshikilia ukuta huenda asitoe kishindo, kwa hiyo ongeza jiroskopu ya kupima mgeuko wa kiwiliwili, pamoja na kitufe cha kuita msaada. Jaribu programu yako kwa data huria za SisFall za 2017 (vipimo vya watu wakiigiza kuanguka na wakifanya shughuli za kawaida), zilizopimwa kiunoni, ukikumbuka kwamba walioigiza kuanguka humo karibu wote ni vijana.

Mwuliza swali: Asanteni sana. Nitaanza na mkanda wa kiunoni.